Wakusanyaji Wapya wa Stampu Watatoka Wapi?

Mwenzetu mmoja mstaafu, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi na mkusanyaji wa stampu tangu ujana wake, alifariki mwaka jana. Tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, na siku ya tatu mmoja wetu, ingawa aliona haya, aliuliza: vile vitabu vya marehemu vya stampu viko wapi? Wanawe wakatazamana. Si watu wabaya wala si wajinga. Mmoja ni mwalimu na mwingine ni mganga wa hospitali. Walisema ya kwamba walikuwa wameona vitabu saba vyenye vikaratasi vya barua, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ikipakwa chokaa, vilitolewa nje pamoja na magazeti ya kale, kisha mvua ikanyesha. Tulivikuta nyuma ya banda la kuku. Gundi ilikuwa imeyeyuka na kurasa zimeshikana hata hatukuweza kuufungua ukurasa mmoja bila kuupasua wa pili.

Hatuandiki khabari hii ili kuwalaumu watoto wale. Twaiandika kwa sababu tulipokuwa tukirudi tulihesabiana ndani ya gari, tukaona ya kuwa sote tuliokuwamo tumepita miaka 50, na ya kuwa hapana hata mmoja aliyeweza kumtaja mtoto wake, au mpwa wake, au karani kijana wa ofisini mwake, ambaye angejua la kufanya na vitabu vyake siku atakapokufa. Marehemu alikusanya kwa miaka 40, na katika miaka hiyo yote hakumfundisha mtu. Sisi nasi tu vivyo hivyo.

Basi wapya watatoka wapi? Jibu tulisikialo mara nyingi ni kwamba hawatatoka popote, kwa kuwa barua zimekwisha. Husemwa ya kwamba siku hizi watu hupelekeana salamu kwa simu ya mkononi, na ofisi huandikiana kwa barua pepe, na kijana wa miaka 20 huenda hajapata kulamba stampu hata mara moja. Ni kweli. Walakini na tujiulize, stampu iliyomo kitabuni hufanya kazi gani? Kazi yake ilikwisha siku ile ilipopigwa mhuri. Mkusanyaji hakuwa na haja ya kupeleka barua. Alikuwa na haja ya kuhifadhi kile kilichokwisha kupita. Sisi tulipokuwa watoto stampu zilikuwa zimetapakaa ofisini kama maganda ya machungwa sokoni, na wengi wetu tulizikanyaga bila kuzitazama. Kijana wa leo akiiona moja huishika kwa vidole viwili akaigeuza, akauliza nyuma yake kuna nini. Huyu si mtu mgumu wa kuvutwa. Twaona ya kuwa sababu ya uchache wetu haiko katika simu, bali iko kwetu sisi wenyewe.

Tutatoa ushahidi. Miaka miwili iliyopita binti mmoja wa masijala alikuja katika kikao chetu cha Jumamosi. Alikuwa na bahasha moja tu, ameitia ndani ya daftari isikunjike. Aliwaamkia watu wote shikamoo, akaketi karibu na mlango. Mazungumzo ya siku ile yalikuwa juu ya meno ya stampu, ya kuwa hii ina meno 13 na robo na ile ina meno 14, na juu ya bei zilizoandikwa katika orodha ya wauzaji wa London. Mazungumzo hayo yalichukua saa nzima. Mwisho binti alinyosha mkono akasema, “Wazee wangu, naomba kuuliza, hii nayo ina thamani?” Mmoja wetu aliipokea, akaitazama mbele na nyuma, akasema, “Hii ni ya kawaida sana, mwanangu, tunazo mamia,” akamrudishia. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoea kusema sote. Binti akaitia bahasha katika daftari lake, akangoja mpaka chai ikanywewa kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaaga. Hakurudi tena.

Tulipokutana naye baada ya miezi mingi tulimwuliza kwa nini hatumwoni. Alijibu, “Ile bahasha ilitoka kwa babu. Alimwandikia bibi kutoka Kigoma, kabla hawajaoana. Nilitaka mtu anisomee mhuri, nijue ni mwaka gani.”

Kusoma mhuri ni jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua. Lingechukua dakika moja na kioo cha kukuzia, nacho kilikuwa juu ya meza. Hatukumfanyia jambo hilo dogo kwa sababu hatukumwuliza bahasha yake imetoka wapi. Tulimjibu juu ya bei, kwa kuwa sisi wenyewe saa ile nzima tulikuwa tukisema bei. Naye aliuliza thamani kwa kuwa ndilo neno pekee alilosikia likitumika katika chumba kile.

Hatutaki kuonekana tunawasuta wengine. Sisi tunaoandika safu hii tuna kopo kubwa la biskuti lililojaa stampu za ziada. Tumeliweka juu ya kabati tangu mwaka 1989, kwa nia ya kubadilishana na watu wa ng'ambo, ambao hatukupata kuwaandikia. Watoto wetu walipokuwa wadogo waliliomba wachezee, tukawakataza. Sasa ni watu wazima, wala hawaliombi tena.

Kosa letu la kwanza, basi, ni kumwanzishia mgeni mahali ambapo sisi tulifikia mwisho. Mtu hukusanya kwa miaka mingi ndipo apendezwe na meno, na aina za karatasi, na alama ya maji ionekanayo tu karatasi ikishikwa mbele ya mwanga. Hayo ni ya mwenye njaa aliyekwisha kushiba wali, sasa anatafuta ukoko. Mgeni mpe wali kwanza. Kosa la pili ni kumwonyesha mambo ya mbali. Akija mtu, twamwambia khabari za stampu ya kwanza ya dunia, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Mei 1840 kwa shauri la Rowland Hill. Ni khabari njema, na yafaa kujulikana kwamba Uingereza mpaka leo haiandiki jina lake juu ya stampu zake kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Lakini karani wa Dodoma ana nini na Malkia Victoria? Tungemwonyesha kwanza kitu chenye harufu ya ofisi yake mwenyewe.

Na vitu hivyo viko. Mwaka 1895, Uganda ilipokuwa imeingia chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka mmoja tu uliotangulia, ilitakiwa posta ya kuchukua barua, na hapakuwa na stampu wala matbaa ya kuzichapa. Padre Ernest Millar wa misheni ya C.M.S. huko Mengo alikuwa na mashine ya taipu. Akatia karatasi nyembamba, akapiga mistari ya kugawanya vyumba, na katika kila chumba akapiga herufi U na G, na kati yake hesabu. Hesabu ile haikuwa ya peni wala ya rupia. Ilikuwa ya kauri, zile kombe ndogo ambazo Waganda huziita ensimbi, na hata leo ensimbi ndilo neno lao la fedha. Kauri 200 zilihesabiwa kuwa rupia moja, na stampu zilikuwa za kauri 5 hata 60. Zile za kwanza zilikuwa pana. Baadaye zilifanywa nyembamba zaidi, ili karatasi moja itoe nyingi. Nyingine zilisahihishwa hesabu yake kwa kalamu ya wino. Na utepe mweusi ulipokwisha kazi, ukatiwa wa zambarau, na stampu zikawa za zambarau.

Twaomba kila msomaji ambaye amepata kupiga taipu asimame hapa kidogo. Nani katika sisi hakupata kubana mistari ili karatasi itoshe? Nani hakusahihisha tarakimu kwa kalamu, akiomba Bwana Mkubwa asiione? Nani hakutumia utepe wa rangi nyingine kwa kuwa ile iliyotakiwa haikuletwa? Gazeti letu hili dogo lenyewe hupigwa katika stensili, na makosa yake mwayajua. Stampu za Padre Millar zilifanywa kwa mkono na mashine ile ile tuliyofundishwa sisi. Leo ni haba na ghali mno, tena zimeghushiwa sana, kwa kuwa mwenye mashine ya kale na karatasi ya kale huingiwa na tamaa. Hatumshauri mtu kuzinunua. Lakini picha yake tu, akionyeshwa mpiga taipu na kuelezwa, itamkalisha kitini muda mrefu kuliko malkia yeyote.

Ya pili ya namna hiyo iko karibu nasi zaidi, na baadhi ya wazee waliishuhudia. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Asubuhi iliyofuata posta ya Unguja ilikuwa ingali na stampu zenye sura ya Sultani, na Sultani hayupo tena. Kungoja stampu mpya zichapwe ng'ambo zikaletwe kwa meli au ndege hakukuwezekana. Ukatumika mhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964, na stampu zile zile zikapigwa mhuri juu ya ile sura. Kila mtu aliyekaa mbele ya kidau cha wino siku nzima ajua yatokeayo: mmoja umekaa sawa, mwingine umekwenda upogo, mwingine umepigwa kichwa chini, mwingine haukushika wino. Zote hizo zimo katika vitabu vya wakusanyaji. Baadaye zilikuja zilizochapwa neno hilo kwa mashine, nadhifu na sawasawa. Mkusanyaji mwenye moyo huzipenda zile za upogo, kwa sababu huona ndani yake mkono wa karani aliyekuwa na haraka katika juma ambalo nchi yake ilikuwa imegeuka.

Baada ya hapo mgeni huuliza mwenyewe, “Na za kwetu bara?” Ndipo mlango unafunguka, na hapana haja tena ya kumsukuma. Mwonyeshe stampu ya Wadachi ya mwaka 1893, ambayo ni stampu ya Ujerumani iliyopigwa juu yake neno PESA, nayo 64 zilifanya rupia moja. Atasoma neno lile mara mbili. Ni neno alilolisema asubuhi ile ile alipokuwa akilipa nauli, wala hakujua kuwa liliwahi kuwa jina la sarafu ya shaba. Mwaka 1905 stampu zikabadilika zikawa za heller, na ukiwauliza wazee wa Tabora na Bagamoyo huenda bado wakakumbuka jinsi wazee wao walivyosema “hela”, na leo hela nayo ni fedha yoyote. Kisha mwonyeshe ile ya mwaka 1917, stampu ya Afrika ya Mashariki na Uganda yenye sura ya Mfalme George wa Tano, imepigwa herufi G.E.A., maana yake Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Na waliozipiga herufi hizo si Wajerumani bali ni Waingereza, waliokwisha kuishika nchi kwa vita na hawajapata bado jina la kuiita. Mwaka 1922 ndipo akatokea twiga, na jina Tanganyika. Twiga yule twampenda sote, na wengi wetu tuliingia katika mchezo huu kwa shingo yake.

Tangu mwaka 1935 nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stampu moja yenye majina yote matatu, na picha zake ni Kilimanjaro, na korongo mwenye taji, na jahazi katika ziwa la Victoria, na daraja la reli la Jinja. Wakati wa vita, mwaka 1941 na 1942, stampu zilipopungua, zililetwa za Afrika ya Kusini zikapigwa majina ya nchi zetu na bei mpya ya senti. Ushirika ule wa stampu uliendelea hata baada ya uhuru, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Mtu alinunua stampu Kampala akaibandika katika barua aliyoitia sandukuni Tanga, nayo ikafika. Kijana ambaye leo husikia hotuba za umoja wa Afrika Mashariki hushangaa kukiona kitu hicho kimekwisha kutendeka, tena katika kitu kidogo vile.

Lakini tuipendayo sisi kuliko zote kwa kumvuta mgeni ni ya mwezi wa Julai 1964. Imeandikwa kwa Kiingereza jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Nchi zetu ziliungana tarehe 26 Aprili mwaka ule, na jina Tanzania likatangazwa tarehe 29 Oktoba. Kwa hiyo jina lile refu liliishi miezi sita na siku chache, na stampu zake zikabaki. Si ghali. Twamwuliza mgeni, “Nchi hii waijua?” Husema yaijua. Twamwambia asome tena. Hapo hukaa kimya, akahesabu maneno. Tumefanya hivyo mara tatu tangu tulipopata fundisho la yule binti, na watu wawili kati ya watatu waliomba kuondoka nayo. Tuliwapa.

Sasa tuseme juu ya fedha, kwa kuwa hatuwezi kuipita. Wako wanaotaka kuwavuta vijana kwa kuwaambia kwamba stampu ni utajiri. Hutaja ile ya British Guiana ya senti moja, ya mwaka 1856, nyekundu ya zambarau, iliyo moja tu duniani, ambayo iliuzwa New York mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5. Ni kweli iliuzwa. Lakini wanaoitaja hukatiza hadithi katikati. Mnunuzi yule aliiuza tena mwaka 2021 kwa dola milioni 8.3, akapata hasara. Hata ile nyeusi ya 1840 tuliyoitaja juu si adimu kama watu wadhanivyo, maana zilichapwa zaidi ya milioni 68. Mtu aingiaye kwa tamaa ya faida atakuwa ametoka kabla ya masika ya pili, tena atatoka na chuki.

Kuna sehemu ya hadithi ya British Guiana ambayo tungependa isemwe zaidi. Stampu ile iliokolewa mwaka 1873 na mtoto wa shule wa miaka 12, Louis Vernon Vaughan, aliyeikuta katika barua za kale za jamaa zake. Aliiuza kwa shilingi 6, ili anunue nyingine nzuri zaidi machoni pake. Watu humcheka mtoto yule. Sisi twasema kwamba kama mtoto yule asingekuwa mkusanyaji, barua zile zingewashia moto, na mabwana wa mamilioni wasingekuwa na cha kununua. Nyumbani kwa kila mtumishi mzee mna sanduku la barua. Aliye na sababu ya kulifungua ni mjukuu, wala si muuzaji wa London.

Mgeni aonywe pia juu ya jambo moja, asije akavunjika moyo. Kwa miongo mingi nchi kadhaa za Afrika ziliwapa mawakala wa ng'ambo ruhusa ya kuchapa stampu kwa jina lao, zenye picha za wachezaji wa filamu na magari na mbwa wa Ulaya, ili ziuzwe kwa wakusanyaji wa huko. Nyingi hazikupata kuonekana katika dirisha la posta ya nchi yenyewe. Huuzwa kwa mafungu, zina mng'aro, na kijana huzinunua kwanza kwa kuwa ni nzuri. Asikemewe. Aulizwe tu kama amepata kuiona moja juu ya barua iliyofika nyumbani kwao, naye atapambanua mwenyewe.

Katika jambo linalofuata hatutatumia maneno laini, kwa kuwa sisi ni watumishi wa umma. Tumesikia ya kuwa katika baadhi ya masijala wako waliokata stampu katika bahasha zilizohifadhiwa ndani ya majalada ya kale. Hilo ni wizi, hata kama jalada lina vumbi la miaka 60 na hapana aliyeliomba. Bahasha ikiwa imetiwa katika jalada ni sehemu ya kumbukumbu, na mhuri wake ndio ushahidi wa siku barua ilipotumwa; kesi za mashamba zimepata kuamuliwa kwa tarehe ya namna hiyo. Bahasha ambayo ofisi imekwisha kuitupa ni jambo jingine, na hiyo iombwe kwa mkuu wa masijala kwa maneno wazi. Tunapomwingiza kijana katika mchezo huu na afundishwe hilo siku ya kwanza. Chama chetu kikipata sifa ya wakata majalada, hatutahitaji tena kuuliza kwa nini hatupati watu.

Tena afundishwe asiikate stampu katika bahasha ya jamaa yake. Sisi wa zamani tulikata kwa furaha. Tulitupa bahasha, tukabaki na vipande vya rangi visivyosema vilitoka wapi wala vilikwenda kwa nani. Ile bahasha ya Kigoma ingekatwa, babu na bibi wangepotea na mhuri ungegawanyika. Watumishi tumekuwa watu wa kuhamishwa, leo Songea, kesho Bukoba, na kila uhamisho uliacha barua. Mtu mwenye bahasha 10 za baba yake, zilizopigwa mihuri ya vituo 10, ana historia ya utumishi ambayo haimo katika jalada lolote. Na mtu asiye na stampu hata moja aweza kuanza hapo, bila kununua kitu.

Zile za kawaida zilizokatwa zamani, ambazo tunazo nyingi, ndizo za kujifunzia. Mgeni apewe 30, si 300, maana wingi huchosha. Aonyeshwe kuzilaza katika bakuli la maji ya uvuguvugu kwa robo saa mpaka ziachane na karatasi zenyewe, bila kuvutwa. Kisha azianike kifudifudi juu ya karatasi inyonyayo maji, na zikikauka zilaliwe na kitabu kizito usiku mmoja. Asitumie gundi ya ofisi, wala utepe wa kunata, ambao huacha doa lisilotoka. Walio pwani wasimamishe vitabu vyao wima mahali penye hewa, kwa kuwa ukungu na wadudu hawachagui kitabu cha mzee wala cha mtoto. Mafunzo hayo hayazidi alasiri moja. Twaona afadhali yafanywe na mtu mmoja kwa mtu mmoja mezani kuliko kwa hotuba, kwa maana kijana akiwa mbele ya watu hawezi kuuliza swali alionalo kuwa la kijinga.

Kwa hayo, kamati imekubali mambo machache. Kikao cha Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, katika chumba chetu cha kawaida, hakitakuwa na mnada wala mazungumzo ya bei. Kila mwanachama aje na mtu mmoja asiyekusanya, awe mwanawe, au tarishi, au mpiga taipu wa ofisini mwake, mwanamume au mwanamke. Mgeni akipenda alete barua yoyote ya kale ya nyumbani kwao, na wazee watakaa naye kuisoma mihuri. Hakuna ada. Chai itakuwako, na anayeweza kuleta sukari atuarifu mapema, maana mara iliyopita haikutosha.

Yule binti wa masijala tumempelekea khabari. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Aliuliza tu kama kile kioo cha kukuzia bado kipo. Kipo. Na lile kopo la biskuti tumelishusha kutoka juu ya kabati, tukalifuta vumbi, na Jumamosi hiyo litakuwa mezani bila kifuniko.